Mstari wa Chokaa Nyumbani kwa Fungameza

Msiitafute Jamhuri ya Tulizana kwenye ramani. Haipo, na kama ipo basi si hiyo mnayoidhania. Mimi niliyezaliwa humo ndiye ninayewaambia, na nikimwona msomaji anacheka huku akigeuka kutazama nani yuko nyuma yake, nitajua kwamba ameshafika na wala hakuombwa viza.

Tulizana ina sifa nyingi, ila kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna ndoa hata moja inayovunjika. Majirani zetu wanavunja ndoa kama wanavyovunja nazi. Sisi tumeacha. Tuliacha siku ile Mzazi Mkuu, ambaye ni rais wetu, baba yetu, na kwa mujibu wa katiba ni shemeji wa kila raia, alipohutubia redioni tangu asubuhi hadi wali ukapoa mezani. Wenye midomo mirefu wanasema alfajiri ya siku hiyo mkewe alikuwa amefungasha masanduku. Mimi masanduku sikuyaona. Nilisikia hotuba tu.

"Nyumba ni nchi ndogo," alisema Mzazi Mkuu. "Je, mmepata kuona nchi ikipewa talaka?"

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho neno hilo kutamkwa hadharani. Kesho yake likapigwa marufuku, nasi tukazoea kusema "lile neno" tu. Hata hapa nimelitaja kwa kuwa namnukuu yeye, na kumnukuu yeye hakujawa kosa, angalau hadi jana jioni.

Lakini msituone makatili. Serikali yetu ilitambua kwamba wapo raia wachache, wenye afya dhaifu, wasioweza kukaa chumba kimoja na mtu anayewapiga. Kwa ajili yao ikatungwa Sheria ya Utengano Halali, na kazi ikapewa Wizara ya Mipaka. Wizara hiyo, tangu vita na jirani yetu wa kaskazini viishe, ilikuwa na maafisa wengi, kamba nyingi na chokaa tele, ila haikuwa na mahali pa kuchora. Ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Ndoa na Mipaka, na Waziri akatoa maelezo kwa lugha nyepesi ili hata sisi tuelewe.

"Ndoa inabaki pale pale," alisema. "Wanandoa ndio wanaotengana."

Tukapiga makofi. Aliyeacha kupiga kwanza aliandikwa jina.

*

Mwanamke aitwaye Sikudhani alikuwa jirani yangu wa dirisha kwa dirisha. Kati ya nyumba yake na yangu pana uchochoro ambao mtu mnene hupita kwa ubavu, na nasema hivi ili mjue kwamba mimi, Mama Tausi, si mtu wa kusikiliza mambo ya watu. Mambo ya watu ndiyo yaliyokuwa yakinifuata jikoni kwangu.

Mumewe, Fungameza, alikuwa kiongozi wa Kwaya ya Taifa. Ndiye aliyeimba ule wimbo wa kusifu ndoa unaopigwa redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Sauti yake ilikuwa tamu hata kuku wangu walikuwa wakiacha kuparura ili wasikilize. Watu walisema mwenye sauti kama ile hawezi kuwa na mkono mbaya. Basi Sikudhani alipotoka na jicho limevimba, tukasema ni nyuki. Alipotoka na mdomo umepasuka, tukasema ni mlango. Alipotoka na mkono unaning'inia kama nguo kwenye kamba, tukakosa wa kumsingizia, tukanyamaza.

Mkono ulipofungwa plasta, akaniambia anakwenda mahakamani. Nilimsindikiza, maana hakuweza kujifunga kanga kwa mkono mmoja.

Hakimu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na kikohozi. Alimtazama Sikudhani kama mtu anayetazama mvua isiyo na dalili ya kukatika.

"Mama, unaomba nini?"

"Naomba…" Sikudhani akasita. "Naomba lile neno, mheshimiwa."

Ukumbi mzima uliguna. Karani aliruka kutoka kitini, akaenda kuziba kwa viganja masikio ya picha ya Mzazi Mkuu iliyokuwa ukutani. Alikaa hapo hadi mwisho wa shauri, mikono juu, jasho likimtiririka.

"Kimevunjika nini?" akauliza Hakimu.

"Mkono, mheshimiwa."

"Na ndoa?"

"Ndoa ndiyo iliyonivunja mkono."

"Jibu ulichoulizwa, mama. Mkono umevunjika, ndoa haikuvunjika. Mkono ukivunjika tuna hospitali. Ndoa ikivunjika tutaipeleka wapi? Wagombanao ndio wapatanao."

Fungameza alipoitwa kujitetea hakusema kitu. Aliimba. Aliimba ubeti wa pili wa ule wimbo wake, ule wa mke kuwa taa na mume kuwa utambi, na Hakimu akavua miwani akajifuta macho. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliona mguu wangu unapiga mdundo chini ya benchi.

Wimbo ulipokwisha, Sikudhani akanyoosha ule mkono wake mzima.

"Mheshimiwa, huyu ataniua. Sisemi kwa hasira. Ataniua, nawe utakumbuka kwamba nilisema. Sitaki nyumba, sitaki kitanda, sitaki hata sufuria. Naomba nitoke tu, nikiwa hai."

Hakimu akakohoa mara kadhaa, akapekua sheria mbele, akapekua nyuma.

"Mahakama imesikia kilio chako," akasema hatimaye. "Wala serikali haijakosa huruma. Utachorewa mstari."

*

Walikuja asubuhi na tarumbeta. Kila mstari unaochorwa Tulizana huchorwa kwa tarumbeta, ili raia wasidhani ni msiba.

Aliyesimamia alikuwa Afisa Chilongola, mwanaume mrefu aliyepata nishani vitani, ambaye hadi leo hutembea kwenye nyumba za watu kama anayeogopa kukanyaga bomu. Nyumba ya Fungameza ilikuwa ya vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, na katikati mlango wa ndani wenye pazia. Afisa akavuta kamba kwenye kizingiti cha mlango huo, vijana wake wakachora mstari wa chokaa wenye upana wa kiganja. Kisha akang'oa pazia.

"Jamani, hilo naomba mniachie," Sikudhani akasema.

"Haiwezekani, mama. Wanandoa lazima waendelee kuonana. Pazia ni mwanzo wa ukuta, na ukuta ni lile neno lililojengwa kwa matofali."

Chumba cha mbele akapewa mume, kwa kuwa ndiye kichwa, na kichwa hukaa mbele. Cha nyuma, chenye jiko na bomba la maji, akapewa mke. Mlango wa kutokea nje ulikuwa mbele.

"Nami nitatokea wapi?" akauliza Sikudhani.

Afisa Chilongola akalitazama dirisha, akampima mama wa watu kwa macho, akalitazama tena dirisha. "Utapita," akasema. Ndipo nilipoleta kigoda changu nikakiweka uchochoroni chini ya dirisha lile, ili apate pa kukanyagia. Kuanzia siku ile mwanamke wa miaka arobaini na ushee akawa anaingia na kutoka kwake kama paka.

Mnaweza kuuliza kwa nini hakukimbia alipokwisha kupita dirishani. Ni kwa sababu Tulizana anayelala nje ya nyumba ya ndoa huitwa mkimbizi wa ndoa, na mipaka yetu inajua kurudisha wakimbizi. Mume naye vilevile: hata apewe ikulu, sharti alale kwenye nyumba yenye mstari.

Afisa akasoma masharti kwa sauti ya gwaride. Huduma zinavuka mstari, watu hawavuki. Maana yake mke ataendelea kupika, na sahani ataisukuma kwa fagio hadi upande wa mume. Anayevuka mstari ni mvamizi, na mvamizi hupelekwa Kambi ya Upole kule kaskazini kubeba mawe. Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Katika mtaa wa pili, fundi viatu mmoja aliyetengwa na mkewe aliwahi kuvuka mstari kufuata kofia yake iliyopeperushwa na upepo. Kofia ilirudi.

Mwisho, Afisa akanigeukia mimi, jirani wa karibu, akanivika shingoni filimbi ya bati yenye nembo ya taifa.

"Mama, wewe sasa ni jicho la mstari. Ukiona mguu umevuka, puliza. Gari letu halichelewi. Ila usipulize kwa mengine. Ukisikia ugomvi, usipulize. Ukisikia kilio, usipulize. Mguu tu."

*

Sasa nitawaambia jambo ambalo wakosoaji wa serikali yetu hawapendi kulisikia. Ule mstari ulifanya kazi.

Fungameza hakuvuka. Alikuwa na mikono ya chuma, lakini Kambi ya Upole aliiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano. Jicho la Sikudhani likanywea, mdomo ukapona, plasta ikatolewa. Akaanza kunenepa. Asubuhi nilikuwa nikimwona dirishani akiufagia mstari wake taratibu, akiondoa vumbi kwa ncha ya kanga ili chokaa isififie. Mwanamke aliyekwenda mahakamani kuomba lile neno sasa alikuwa akipendana na mstari.

"Shoga," aliniambia siku moja, mguu mmoja dirishani na mwingine kwenye kigoda, "unajua sijalala hivi tangu niolewe? Nalala mpaka najikuta nimekoroma."

"Nakusikia," nikamwambia. "Mtaa mzima unakusikia."

Akacheka, na meno yake yote yakaonekana, isipokuwa yale mawili ambayo tulisema ni mlango.

Lakini Fungameza naye hakukaa bure. Jioni, akishakula wali uliosukumwa kwa fagio, aliburuta kiti hadi kizingitini. Alikaa vidole vya miguu vikiwa vimegusa chokaa bila kuivuka, akaimba. Hakuimba nyimbo za redio. Aliimba za kwake, kwa sauti ile ile tamu, akimtazama mkewe machoni. Aliimba kwamba subira huvuta heri. Aliimba kwamba mwaka una siku nyingi, ila mkeka hutandikwa siku moja, na siku hiyo inakuja, mpenzi, inakuja.

Kuku wangu waliendelea kusikiliza. Kuku hawajui maneno.

Nilikwenda ofisini kwa Afisa Chilongola nikamweleza. Alinisikiliza kwa makini, akaita wataalamu wawili, wakajifungia wakashauriana. Walipotoka akanijibu.

"Mama, tumechunguza. Ni kweli wimbo umevuka. Lakini wimbo hauna miguu."

*

Niwaeleze huo mkeka, maana wageni huwa hawaamini.

Kila mwaka tuna Sikukuu ya Umoja wa Ndoa, ambayo wananchi huiita Siku ya Mkeka. Siku hiyo, tangu asubuhi hadi jua linapozama, kila mstari nchini hufunikwa kwa mkeka wa serikali. Mpigapicha hupita nyumba kwa nyumba, mume na mke waliotengana hukaa pamoja juu ya mkeka, hula sahani moja, hupigwa picha wakitabasamu. Picha hupelekwa kwa Mzazi Mkuu ili aone kwamba wanawe wametengana lakini hawajaachana. Filimbi zote hukusanywa, kwa sababu siku hiyo hakuna mstari, na filimbi isiyo na mstari ni fujo.

Sikudhani alikwenda tena kwa Hakimu. Safari hii hakuomba lile neno. Aliomba mstari wake usifunikwe.

"Mama, mwaka jana ulikuja hapa kuilalamikia sheria," Hakimu akasema, "na leo unaing'ang'ania?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Nimeizoea. Naiomba na siku hiyo."

"Siku moja tu katika mwaka, unashindwa?"

"Mheshimiwa, kufa hakutaki mwaka mzima."

Karani akatazama masikio ya picha, asijue kama na neno hilo linazibiwa. Hakimu akasema mkeka ni ishara ya amani, na mwenye kuogopa amani achunguze moyo wake.

Basi Siku ya Mkeka ilipofika, kabla tarumbeta hazijaanza, Sikudhani alipita dirishani akaja kwangu. Nami sikumuuliza. Nilimsogezea gunia la mkaa, akajikunja nyuma yake, nikamwekea ndoo mbele. Kisha nikaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Afisa Chilongola alikuja na mpigapicha na kijisinia chenye kitambaa cheupe. Kwanza akaichukua filimbi yangu, akailaza kwenye sinia kwa heshima.

"Mama Tausi, mke wa Fungameza hayupo kwake."

"Ooh? Labda kaenda sokoni."

"Leo soko limefungwa." Alitazama jiko langu, akatazama gunia, akatabasamu kama mtu mwema anavyotabasamu. "Picha ni dakika moja tu. Unajua adhabu ya anayemficha mkimbizi wa ndoa? Kambi haichagui umri, mama. Na una binti, sivyo? Naye ataolewa."

Niliendelea kupepeta. Mchele ukawa unamwagika nje ya ungo. Ndipo ndoo iliposogea, Sikudhani akatoka, uso una vumbi la mkaa.

"Huyu msimguse," akasema. "Nilijificha mwenyewe. Twendeni."

Aliponipita aliniomba kanga safi, asipigwe picha na uchafu. Nikampa ile yangu ya njano. Alijifuta uso, akajitanda, akatoka kwa kupitia mlango wangu wa mbele kama mgeni wa heshima, akaingia kwake kwa kupitia mlango wa mumewe. Tangu wachore mstari ilikuwa mara ya kwanza kupita mlangoni.

Mimi nilikimbilia dirishani, nikapanda kigoda.

Waliketi juu ya mkeka. Fungameza alivaa joho la kwaya. Sahani ilikuwa katikati.

"Sogeeni," mpigapicha akasema. "Sogeeni zaidi. Bwana, mshike bega. Hivyo. Mama, tabasamu. Tazama huku, mama. Huku, siyo dirishani."

Hakutazama huko. Picha ikapigwa, Afisa akapiga saluti, wakatoka kwenda nyumba nyingine. Fungameza akafunga mlango. Kisha akavuka mkeka polepole, bila haraka yoyote, akapita mbele ya uso wangu, akanisalimia, "Habari za sikukuu, Mama Tausi?" na akafunga dirisha.

Niligonga dirisha kwa ngumi. Nikaita majirani, nao wakatoka, wakasimama, wakatazamana. Nikashika kifua changu kutafuta filimbi, nikashika kifua kitupu. Nikakimbia. Nilimkuta Afisa Chilongola nyumba ya nne akipanga wanandoa wengine.

"Amevuka!" nikamwambia. "Fungameza amevuka, yuko chumba cha nyuma, njooni upesi!"

"Amevuka nini, mama?"

"Mstari!"

"Leo hakuna mstari." Alisema kwa upole kabisa. "Mtu akipita nyumbani kwake kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, hiyo inaitwa kutembea."

Niliporudi uchochoroni palikuwa kimya. Nikabaki nimesimama na sikio kwenye ubao wa dirisha. Baada ya muda nikasikia maji ya bombani yakifunguliwa, kisha nikamsikia Fungameza akiimba.

*

Jua lilipozama, Afisa alikuja kuuondoa mkeka kama sheria inavyotaka. Wakaubiringisha, mstari ukaonekana mweupe vilevile. Fungameza alikuwa kitini pake chumba cha mbele, miguu pamoja, mikono magotini. Sikudhani alikuwa chini karibu na bomba, na kanga yangu ya njano.

Taarifa ya Afisa Chilongola ilikuwa fupi, nasi tulisomewa hadharani: "Marehemu amekutwa upande wake. Mume amekutwa upande wake. Mstari hauna alama ya unyayo. Utengano umezingatiwa."

Mahakamani Hakimu alisema jambo hilo ni la kusikitisha, na kwamba mabomba yanayotokeza ukutani ni hatari kwa wanawake wanaoteleza. Fungameza alipatikana na kosa moja: mkeka wa serikali ulirudishwa na madoa. Akaamriwa aufue. Aliufua mbele ya nyumba, mchana kweupe, na watoto walikuwa wakipita njiani kwenda shule.

Nilitaka kusema. Nilisimama nikamwambia Hakimu, "Alikuambia. Alisimama hapa hapa akakuambia utakumbuka." Hakimu akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu sana, akaivaa, akaita shauri linalofuata.

Mwaka ule ile picha yao ilichaguliwa kuwa Picha Bora ya Ndoa. Ikachapwa kubwa, ikabandikwa sokoni, hospitalini, hata ukutani mwangu bila kuniuliza, na maneno chini yake: WAMETENGANA, HAWAJAACHANA. Fungameza katabasamu. Sikudhani anatazama pembeni, na gazeti la serikali lilieleza kwamba anaitazama kesho ya taifa. Mimi najua anatazama nini. Anatazama dirishani, na dirishani nilikuwa mimi.

*

Msidhani hadithi imekwisha, maana nchi yetu ni ya sheria.

Miezi michache baadaye, Fungameza alimpenda msichana mmoja wa kwaya. Akanunua suti, akaenda mahakamani kuomba kibali cha kuoa. Nilikwenda kusikiliza. Siku hizi naenda kusikiliza kila kitu.

"Kibali cha kuoa unakiombaje," Hakimu akashangaa, "nawe ni mume wa mtu?"

"Mheshimiwa, mke wangu amefariki."

"Mahakama inajua. Lakini takwimu za taifa zinasema hakuna ndoa iliyovunjika tangu sheria ipite. Sasa wewe unataka iwe moja?"

"Siyo kuvunjika, mheshimiwa. Ni kifo!"

"Kifo ni nini kama si utengano? Na wewe utengano wako ulishahalalishwa na mahakama hii hii. Mstari upo?"

"Upo, mheshimiwa, lakini—"

"Basi hakuna kilichobadilika. Yeye yuko upande wake, wewe upande wako. Siku ya Mkeka mtapigwa picha kama kawaida, na mahali pake utapatandika kanga."

Fungameza alisimama pale, suti mpya, mdomo wazi. Kisha akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani mwangu. Akapiga magoti, akasema, "Mheshimiwa, basi naomba lile neno."

Karani akaruka kwenda kuziba masikio ya picha.

Kesho yake tarumbeta zikaja, chokaa ikatiwa upya, na Afisa Chilongola akanirudishia filimbi yangu. Ilikuwa imesuguliwa, inang'aa. "Mguu tu, mama," akanikumbusha. Nikamwambia nimeelewa.

Sasa hesabuni wenyewe mambo yalivyo nyumbani kwa Fungameza. Jiko liko upande wa mke. Bomba liko upande wa mke. Huduma zinavuka, lakini wa kuzisukuma kwa fagio hayupo. Alipotaka maji kwa majirani, yule wa kushoto alisema bomba lake limekauka. Wa kulia naye, lake limekauka. La kwangu lilikauka kabla hajamaliza kusalimia. Wanawake wa mtaa huu hawakukaa kikao, ila ukame uliwaingia wote siku moja. Akawa anateka bondeni, maji ya rangi ya chai, anayachuja kwa shati. Koo likaharibika, sauti ikakauka, kwaya ikampumzisha. Redio inampiga bado asubuhi, yule wa zamani.

Juzi jua liliwaka hata bonde likakauka kweli. Alasiri nilikuwa uchochoroni, mbele ya dirisha lililokuwa wazi, na Fungameza alikuwa kitini pale kizingitini kama alivyokuwa akikaa, vidole vikigusa chokaa. Bomba la Sikudhani halikuwahi kufunga vizuri. Lilikuwa linadondosha tone, kisha tone, ndani ya kibakuli kilichoachwa chini yake.

"Mama Tausi," akaita. Sauti ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. "Nipe kikombe kimoja tu. Huduma zinavuka."

"Huduma ni za mke, baba. Mimi ni jirani."

"Ingia basi unisukumie hicho kibakuli."

"Nikiingia upande wa Sikudhani bila ruhusa yake, mimi nami ni mvamizi. Muombe mwenyewe. Si mnaonana? Ndiyo maana wakang'oa pazia."

Alitazama chumba kile kwa muda mrefu. Kisha akaangusha kichwa.

"Mama Tausi, wewe ni binadamu."

Nilifikiri juu ya hilo. Sitaki mdhani nina furaha. Sina. Nina hasira ambayo imekaa tumboni hadi imekuwa kama kiungo changu kingine, na filimbi hii ningeitupa chooni leo hii lau ningeuona mguu wa Sikudhani ukitokeza dirishani, ukitafuta pa kukanyaga. Kile kigoda nilichomwekea bado kiko chini ya dirisha. Sasa nakikalia mimi.

Fungameza akavua viatu, kimoja kimoja, akaviweka kando bila kishindo. Akatazama mlango wa mbele. Hakutazama dirisha, labda alidhani nimekwenda zangu, maana nilikuwa nimenyamaza. Bomba likadondosha tone. Akasimama akishikilia mwimo wa mlango, akaunyanyua mguu wake wa kulia, akaupeleka juu ya chokaa.

Filimbi nilikuwa nayo mdomoni tayari. Nikavuta pumzi.